Mkojo wa rangi ya chungwa: kisa cha mteja wa methadoni aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu

Uchambuzi huu ni kwa ajili ya wauguzi, wanasihi, matabibu, maafisa ustawi wa jamii na watunga sera wanaoshughulika na waraibu wa heroini. Jina, mtaa, wilaya na vituo vilivyohusika vimeondolewa, na baadhi ya maelezo ya familia yamebadilishwa. Mhusika tutamwita S.

USULI

S. ni mwanamume wa miaka 34 anayeishi katika jiji moja la pwani ya Tanzania. Alikuwa kondakta wa daladala. Alianza na kokteli, yaani unga (heroini) uliochanganywa na bangi, akahamia kuvuta unga mtupu, na miaka minne ya mwisho akawa anajidunga. Jumla ni miaka 11. Mwelimishaji rika alimkuta maskani, kijiwe cha watumiaji, akamleta kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini mwilini) iliyo ndani ya hospitali ya wilaya. Kisa hiki kilipoanza alikuwa na miezi 14 ya tiba na dozi ya miligramu 90 kwa siku. Kwa miezi mitano mfululizo vipimo vyake vya mkojo vilikuwa havionyeshi heroini, na alikuwa amepata kibarua cha kuosha magari. VVU hana.

Anaishi kwa mama yake mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki naye ndugu wengine walipochoka. Kutoka nyumbani hadi kliniki ni daladala mbili, kwa hiyo kwenda na kurudi ni nne. Kwa nauli ya shilingi 600 kila gari, ni shilingi 2,400 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sababu yake ni kwamba methadoni hapo kliniki haichukuliwi nyumbani: mteja anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anakunywa maji juu yake, kisha anaongea maneno mawili matatu ili ionekane kuwa amemeza.

Utaratibu huo una chanzo chake. Methadoni iko kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, na papo hapo, tangu mwaka 2005, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa ileile inalindwa kama hatari na inahitajika kama tiba. Kliniki zetu zimejengwa juu ya mvutano huo tangu ya Muhimbili ilipofunguliwa Februari 2011, ya kwanza ya umma Tanzania Bara, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Makabati yana kufuli na daftari lina sahihi mbili. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kliniki hizo kuzungumza na zahanati ya jirani.

S. alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi. Alitoka jasho usiku na kupungua uzito, lakini dalili hizo kwa mraibu husomwa haraka kuwa ni "maisha ya unga" au arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga. Hatimaye zahanati ya karibu na kwao ilichukua makohozi, kipimo cha GeneXpert kikaonyesha kifua kikuu kisicho sugu kwa rifampisini. Akiwa na kilo 51 aliandikiwa RHZE, dawa nne za kifua kikuu ndani ya kidonge kimoja, vidonge vitatu kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo. Ndani ya vidonge hivyo vitatu mna miligramu 450 za rifampisini.

Fomu ya zahanati ilikuwa na sehemu ya "dawa nyingine anazotumia". Iliandikwa "hakuna". Nyuma yake kwenye benchi walikaa majirani wawili, na S. hakuwa tayari kutamka neno methadoni mbele yao.

MFULULIZO WA MATUKIO

Siku ya 1 ni siku aliyomeza RHZE kwa mara ya kwanza.

Siku ya 6 alifika kwenye dirisha la kutolea methadoni kabla halijafunguliwa. Anapiga miayo, macho yanatoa machozi, pua inatiririka. Alisema: "Sista, dozi hainishiki. Ikifika magharibi tu naanza arosto." Muuguzi aliandika kwenye faili maneno matatu: "analalamika dozi ndogo." Haikupimwa arosto kwa alama, na hakuulizwa kitu kingine.

Siku ya 8 alipimwa mkojo. Kikombe kilichofika maabara kilikuwa na mkojo wa rangi ya chungwa iliyoiva, rangi ambayo aliyepima aliikumbuka hata siku 11 baadaye. Lakini fomu ina sehemu mbili tu, "chanya" na "hasi", na kijiti hakikuonyesha mofini, alama ya heroini kwenye mkojo. Akaandika "hasi", kikombe kikamwagwa.

Siku ya 11 kipimo kilirudiwa kwa sababu malalamiko yaliendelea. Safari hii kilikuwa chanya. S. alikiri palepale: alinunua kete moja ya unga juzi yake, akavuta, akalala kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Timu ya unasihi iliamua kwamba dozi haitapandishwa mpaka mkojo uwe safi mara mbili mfululizo, na ahudhurie unasihi kila wiki. Uamuzi huo ulikuwa na historia. Miezi michache kabla, wateja kadhaa waliomba nyongeza kwa maneno hayohayo, na baadaye ikaonekana kuwa walikuwa wanatema dawa na kuiuza. Timu iliogopa kuumwa na nyoka yuleyule.

Siku ya 12 mama mkubwa aliitisha kikao cha ukoo. Ilipendekezwa apelekwe nyumba ya upataji nafuu, soba kama wengi tunavyoiita, iliyo nje ya jiji. Nyumba hiyo haipokei mtu anayetumia methadoni, kwa hiyo angelazimika kuiacha. Mpango ulikwama kwa kukosa ada.

Siku ya 13 alinunua daizepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) za miligramu 10 kwenye duka la dawa bila cheti, akawa anameza mbili usiku. Mchanganyiko wa methadoni na daizepamu hupunguza pumzi, na ndio unaoua watu usingizini. Hapo S. alikuwa karibu na kifo kuliko alivyojua yeye au yeyote aliyekuwa anamhudumia.

Siku ya 15 alfajiri alipita maskani ya zamani na akakamatwa katika msako. Hakukutwa na kitu. Alikaa mahabusu ya kituo cha polisi hadi jioni ya siku ya 18, mama yake mkubwa alipopata mdhamini. Kitambulisho cha kliniki kilikuwa nyumbani. Aliwaambia askari kwamba anatumia methadoni na dawa za kifua kikuu, akaambiwa kila teja ana hadithi. Alitapika na kuharisha siku tatu. Alikosa dozi nne za methadoni na dozi nne za RHZE.

SIKU YA 19: UAMUZI NA SABABU ZAKE

Asubuhi ya siku ya 19 alikuwa dirishani, ameshikwa mkono na mama yake mkubwa, akiomba miligramu 90 zake. Muuguzi wa zamu aliangalia daftari, akahesabu nafasi nne tupu, akafunga chupa na kumwita daktari. Hatua hiyo huenda iliokoa maisha. Mwili huzoea methadoni kwa matumizi ya kila siku, na mazoea hayo huanza kupotea baada ya siku tatu hivi. Kliniki nyingi hufuata kanuni hii: aliyekosa siku moja au mbili hupewa dozi yake, aliyekosa tatu au nne hupimwa upya na kuanza na takriban nusu, aliyekosa tano au zaidi huanza tena kwenye miligramu 30 au chini yake. Dozi iliyokuwa tiba wiki iliyopita inaweza kuwa sumu leo.

Daktari alianza na kipimo cha arosto chenye vipengele 11: mapigo ya moyo, jasho, kutotulia, ukubwa wa mboni, maumivu ya mifupa, pua na machozi, tumbo, kutetemeka, miayo, wasiwasi na kusisimka kwa ngozi. S. alipata alama 21, arosto ya kati. Hakuwa na usingizi wa daizepamu. Kidonge cha mwisho alimeza usiku wa kuamkia kukamatwa. Alipewa miligramu 45 na kukalishwa kwenye benchi la ndani kwa saa nne, kwa sababu methadoni hufika kileleni kati ya saa mbili na nusu na saa nne baada ya kunywewa. Mtu aliye salama baada ya nusu saa bado hajathibitisha lolote.

Katika saa hizo nne ndipo daktari alipouliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya 6. Badala ya "kwa nini umerudi kwenye unga?", aliuliza: "Tangu mwezi jana, umeongezewa dawa gani, au umepunguziwa ipi?" S. alinyamaza. Aliyejibu ni mama mkubwa. Alifungua kanga, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, ndani yake vidonge vyekundu vya RHZE. Mtaalamu wa maabara alikuwa anapita koridoni. Alipoviona akasimama: "Ndiyo maana ule mkojo ulikuwa wa chungwa."

Rifampisini hupaka rangi mkojo, jasho na machozi. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni lile lisiloonekana: huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa, na methadoni ni mojawapo. Kuanzia siku chache za mwanzo hadi wiki mbili hivi, kiasi cha methadoni kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja hadi theluthi mbili, ingawa mteja anakunywa kikombe kilekile. Miligramu 90 za S. zilikuwa zinafanya kazi ya 60, labda ya 40. Arosto ya siku ya 6 ilikuwa ya kweli. Mkojo hasi wa siku ya 8 ulikuwa ushahidi kwamba aliteseka siku nyingi bila kugusa unga. Kete ya siku ya 9 ilikuwa dawa ya mtu aliyekosa dawa.

Siku hiyohiyo timu ilifanya maamuzi manne.

La kwanza ni dozi. Baada ya 45 alipewa 60, kisha 75, na siku ya 22 akarudi 90. Baada ya hapo aliongezwa miligramu 10 kila baada ya siku nne, akipimwa arosto kabla ya kunywa na saa nne baadaye, hadi akatulia kwenye 140 siku ya 42. Haikupandishwa kwa kasi zaidi kwa sababu dozi mpya huchukua takriban siku tano kutulia mwilini. Anayepandisha kila siku anajenga juu ya simenti mbichi. Alipovuka 100 alifanyiwa kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, kwani methadoni nyingi huweza kurefusha kipande cha QT, muda ambao moyo hujiandaa kwa pigo linalofuata, na kuvuruga mapigo. Kilikuwa milisekunde 432, chini ya 450 inayochukuliwa kuwa mpaka kwa mwanamume.

Kugawa dozi mara mbili kwa siku kungemfaa zaidi, maana vimeng'enya hula dawa usiku kucha. Lakini kungetaka aje mara mbili, au apewe dozi ya jioni aende nayo. La kwanza lilishindikana kwa nauli, la pili kwa kanuni ya kliniki.

La pili ni kuzileta dawa mbili dirisha moja. Muuguzi aliipigia simu zahanati, ikakubali kutoa RHZE za mwezi mzima kwa barua, zikafungiwa kwenye kabati la kliniki. S. akawa anameza vidonge vitatu na kunywa methadoni kwa wakati mmoja, mbele ya mtu mmoja. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kuambukiza, alipewa barakoa, akawa anasubiri chini ya mwembe badala ya ukumbini. Dozi nne za RHZE alizokosa ziliongezwa mwishoni. Kukosa chini ya siku 14 hakulazimu kuanza tiba upya.

La tatu ni afya ya akili, ambayo hadi hapo hakuna aliyeigusa. Alipofika asubuhi hiyo alikuwa ameulizwa maswali tisa ya kupima sonona akiwa amesimama getini, mlinzi hatua mbili kando yake. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba bora afe au ajidhuru. Getini alijibu "hapana kabisa". Daktari alirudia maswali yote mchana katika chumba kilichofungwa mlango. Jibu la swali la tisa likawa "zaidi ya nusu ya siku", na jumla ikapanda hadi alama 18 kati ya 27. Alieleza kuwa mawazo hayo yalianza mahabusu. Alificha kwa sababu aliwahi kusikia kwamba anayejaribu kujiua hufungwa. Si uvumi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa.

Hakuandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, ingawa ndiyo iliyokuwa tele kwenye duka la dawa la hospitali. Pamoja na methadoni huongeza usingizi na huweza kurefusha QT zaidi. Alianzishiwa fluoksetini, nayo ni ya sonona, miligramu 20 asubuhi, ECG ikarudiwa baada ya wiki tatu, na akawa na kikao cha dakika 40 kila wiki na mnasihi. Daizepamu zilizobaki alikabidhiwa mama mkubwa azilete hospitali. Alikuwa amezitumia usiku mbili tu, kwa hiyo hakuhitaji kupunguziwa polepole kama anayezimeza miezi. Mama mkubwa alielekezwa dalili za kumfanya amlete S. usiku huohuo, na alipewa namba ya simu ya zamu.

La nne ni polisi. Daktari na afisa ustawi wa jamii walikwenda kituoni, wakaonana na mkuu wa kituo. Hawakulalamika. Walibeba nakala ya kitambulisho cha kliniki, wakaeleza kwa nini mtu mwenye kifua kikuu asiye na dawa ni hatari kwa kila aliye naye kwenye chumba kimoja, wakiwemo askari. Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Walikubaliana kwamba mwenye kitambulisho akikamatwa, kliniki ipigiwe simu na muuguzi apeleke dozi.

MIEZI ILIYOFUATA, NA KOSA LA PILI

Wiki tano baada ya siku ya 19 alama za sonona zilikuwa 9, na swali la tisa lilikuwa sifuri. Mikojo ilirudi kuwa safi. Mwisho wa awamu ya kwanza makohozi hayakuonyesha vimelea, na uzito ulikuwa kilo 56. Hapa kuna jambo dogo linalopita watu wengi: kuanzia kilo 55 dozi ya kifua kikuu hupanda kutoka vidonge vitatu hadi vinne, kwa hiyo rifampisini ilipanda kutoka 450 hadi 600. Timu ilimsubiria arosto nyingine, ikaja kidogo, methadoni ikapandishwa hadi 150.

Wakati huohuo zahanati iliomba arudi kumeza dawa kwake, kwa kuwa mgonjwa alikuwa kwenye rejista yake na ilipaswa kumhesabu. Kliniki ilikubali. Juu ya faili iliandikwa kwa wino mwekundu tarehe ya kumaliza RH (vidonge vya awamu ya pili, navyo vina rifampisini), na maneno "punguza methadoni." Tarehe hiyo ilihesabiwa vizuri, pamoja na siku nne za mahabusu.

Lakini zahanati haikuzihesabu. Ilimruhusu siku nne kabla. S. alifurahi, akaaga, hakuona haja ya kusema. Kwenye dirisha la methadoni aliendelea na 150 kama kawaida. Rifampisini ilipotoka mwilini, ini lilirudi taratibu kwenye kasi yake ya zamani, na kikombe kilekile kikawa kinazidi kila siku.

Siku ya tisa baada ya kidonge cha mwisho muuguzi alimsalimia kama anavyowasalimia wote kabla ya kumimina dawa. S. aliitikia kwa kuchelewa. Alikuwa amejishika ukingo wa dirisha, kope zinashuka, kichwa kinaanguka na kuinuka. Mboni zilikuwa kama ncha ya sindano. Pumzi zilihesabiwa kwa dakika nzima: 11. Dozi ilizuiwa. Alikalishwa, akawa anaongeleshwa, naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na methadoni au heroini) za miligramu 0.4 zikawekwa tayari juu ya meza. Hazikuhitajika, ila timu ilibaki naye hadi jioni, kwa sababu naloksoni hufanya kazi kama saa moja na methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Anayeamshwa kwa naloksoni na kuruhusiwa mapema anaweza kuzimika tena njiani. Kesho yake alipewa 110, akashushwa hatua kwa hatua, na baada ya wiki tatu akatulia kwenye 95.

MATOKEO

Kifua kikuu kimepona. Dozi nne zilizokosekana alizimalizia kwa siku nne za RH baada ya majadiliano kati ya vituo viwili, huku methadoni ikiangaliwa kila siku. Yuko kwenye tiba, anatumia fluoksetini, na kete ya mwisho aliyokiri ni ile ya kabla ya kukamatwa. Kesi haikufika mahakamani. Kibarua cha kuosha magari alikipoteza kwa zile siku za mahabusu, na hakukirudia. Nauli bado inatoka kwenye maandazi ya mama mkubwa, kwa sababu afisa ustawi wa jamii hakupata fungu lolote la kuigharimia.

Makubaliano na kituo cha polisi yalifanya kazi kwa wateja wengine wawili. Kisha mkuu wa kituo akahamishwa, na aliyekuja hakukuta karatasi yoyote.

UCHAMBUZI

Kilichookoa ni watu walioangalia kabla ya kutoa. Muuguzi wa siku ya 19 alihesabu nafasi tupu badala ya kusikiliza ombi. Muuguzi wa mwisho alisubiri kujibiwa salamu. Salamu dirishani ni kipimo cha kitabibu: inaonyesha usingizi, pumzi, pombe na hali ya moyo kwa sekunde kumi. Kliniki zinazohudumia wateja mia kadhaa kwa asubuhi moja huikata kwanza ili foleni iende. Huko ni kutupa kipimo cha bure.

Kilichoshindwa siku ya 6 hadi 11 ni mtazamo, na mtazamo huo umo hata ndani ya watu wema. Mtaani anaitwa teja, kliniki anaitwa mteja. Tofauti ni herufi moja, na siku ya 11 herufi hiyo ilidondoka. Hofu ya methadoni kuuzwa ina msingi, lakini dawa yake ni kusimamia umezaji na kupima arosto kwa alama. Alama 11 au 15 zisingeweza kuigizwa zote: mboni hazidanganyi, wala ngozi iliyosisimka. Kumnyima mtu nyongeza kwa sababu mkojo una heroini ni kugeuza dalili ya dozi ndogo kuwa adhabu ya kubaki na dozi ndogo. Na hapa mkojo ulikuwa umeshasema yote mawili, kwamba hajatumia na kwamba anameza rifampisini. Fomu ndiyo haikuwa na mahali pa kuandika la pili.

Rifampisini si peke yake. Karbamazepini, fenitoini na fenobarbitoni, dawa za kifafa zilizo kwenye zahanati zetu nyingi, hufanya vivyo hivyo. Kwa wenye VVU, efavirenzi na nevirapini pia. Dolutegravi haiishushi methadoni, lakini rifampisini huishusha dolutegravi yenyewe, ndiyo maana hutolewa mara mbili kwa siku wakati wa tiba ya kifua kikuu. Kila moja kati ya hizo, ikianza, methadoni ifuatiliwe kupanda. Ikikoma, ifuatiliwe kushuka. Wengi hukumbuka nusu ya kwanza. Kosa la pili katika kisa hiki limetokea kwenye timu iliyokuwa imeshajifunza la kwanza, na limetokea kwa sababu kituo kilichokuwa na vidonge na kituo kilichokuwa na kikombe vilikuwa viwili.

Hapo ndipo suala linapotoka mikononi mwa muuguzi na kwenda kwa mpanga sera. Kifua kikuu kina mpango wake, rejista yake na wafadhili wake. Methadoni vilevile. Afya ya akili ina sheria yake ya mwaka 2008, lakini katika kliniki hii haikuwa na hata chumba chenye mlango hadi daktari alipoazima chake. S. alikuwa mtu mmoja mwenye maradhi matatu yanayoendana mara nyingi kabisa kwa waraibu, na mfumo ulimgawa vipande vitatu kisha ukamtaka yeye, akiwa na arosto, aviunganishe. Kumeza dawa zote dirisha moja hadi mwisho kungegharimu barua moja kila mwezi. Kikwazo kilikuwa mgonjwa anahesabiwa kwenye rejista ya nani.

Kuhusu mahabusu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda mamlaka ambayo kazi yake ni pamoja na kusimamia tiba ya waraibu. Serikali moja inatoa kikombe cha asubuhi na inamkosesha mtu kikombe hicho kwa siku nne. Utaratibu wa kupeleka dozi kituoni unahitaji waraka wenye sahihi za pande zote mbili, unaobaki mezani mkuu akihamishwa. Urafiki wa daktari na mkuu mmoja ulitosha kwa miezi michache tu.

Na kuhusu swali la tisa: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwetu kifungu cha 217 bado kipo. Mradi kipo, wahudumu wanauliza swali ambalo jibu lake la kweli ni kukiri kosa, kisha takwimu zetu zinajaa "hapana kabisa" za getini.

MABADILIKO YALIYOFANYWA KLINIKI

Kila anayelalamikia dozi hupimwa alama za arosto siku hiyohiyo, kabla ya kunywa na saa nne baadaye. Maswali ya sonona huulizwa chumbani. Mteja mwenye kifua kikuu humeza dawa zote kliniki hadi kidonge cha mwisho, na zahanati hutumiwa nakala ya kadi kila Ijumaa. Fomu ya maabara imeongezewa mstari mmoja chini ya "chanya" na "hasi": rangi ya mkojo. Ikiandikwa chungwa, mtaalamu wa maabara haisubiri fomu ifike. Anatembea mwenyewe hadi dirishani.